Mzimu Umeondoka, Mwenye Mwamba Yupo

 

Ndugu Waislamu, katika pwani yetu hii, khasa upande wa kusini ya Mombasa, wazee walikuwa na ada ya kwenda mapangoni na mwambani kuchinja mbuzi na kufukiza ubani kwa ajili ya mizimu, ili bahari itoe samaki. Mahali palipodhaniwa pana mzimu watu walipaogopa, wala hawakutupa nyavu hapo. Maulamaa wakaikataza ada hiyo, na haki ilikuwa upande wao. Kuchinja kwa ajili ya asiyekuwa Mungu ni shirki, na hapana mjadala katika jambo hilo. Lakini tazameni kilichofuata. Tulipoitupa kafara tuliitupa pamoja na hishima ya mahali. Yule aliyemwogopa jini hakufundishwa kumwogopa Mola wake katika mwamba ule ule, basi akaja na juya likokotwalo chini, au na nyavu za kigumi, ambazo samaki hufukuzwa ndani yake kwa kuyapiga matumbawe kwa miti mpaka yakavunjika. Na wengine, katika pwani ya Tanzania bara, wakaja na baruti. Sisemi haya kuwalaumu waliokataza. Nasema liko deni lililobaki, na deni hilo ni letu.

Wengi wetu twadhani tumbawe ni jiwe. Si jiwe. Ni viumbe hai wadogo mno wajengao nyumba ya chokaa, kizazi juu ya kizazi, na ndani ya miili yao mna vimea vidogo vinavyowalisha na kuwapa rangi. Maji yakizidi joto vimea hivyo hutoka, tumbawe likawa jeupe, na joto likidumu hufa. Msiba huo uliipata bahari yetu mwaka 1998, ukaipata tena mwaka 2016, na tena mwaka 2024. Tumbawe la duara hukua kama sentimita 1 tu kwa mwaka. Likifika kimo cha mtu, basi limeanza kabla hajazaliwa babu yako. Na nanga moja iliyotupwa kwa uvivu hulipasua kwa dakika moja.

Atasema mtu: joto hilo hatukulileta sisi, limeletwa na moshi wa viwanda vya mbali. Kweli. Lakini mwamba uliopondwa hauinuki baada ya joto kama uinukavyo uliohifadhiwa, kwa kuwa kifusi husukwasukwa na mawimbi na kuwaua watoto wa matumbawe kabla hawajashika. Dhulma ya wa mbali haituhalalishii dhulma yetu.

Na wako walioanza kulipa deni. Kuruwitu, katika Kilifi, watu wa mji walijiunga mwaka 2003, na baadaye wakafunga sehemu ya bahari yao ya kiasi cha hekta 30 isivuliwe. Mkwiro, katika kisiwa cha Wasini, wenyeji pamoja na wataalamu hupanda vipande vya matumbawe juu ya vyuma chini ya maji, wakavisafisha na kuvitunza kama miche ya mnazi. Misali, magharibi ya Pemba, ilifanywa hifadhi mwaka 1998, na wakati huo huo taasisi ya Kiislamu ya Uingereza iliyoasisiwa na Fazlun Khalid ikaja kuzungumza na wavuvi na viongozi wa dini, si kwa sheria ya serikali, bali kwa mafundisho ya Qur'ani juu ya viumbe. (Wapemba husimulia kuwa Nabii Hadhir alikifanya kisiwa hicho msala wake. Kisa hicho hakina isnadi, lakini hukumu ya kutunza haikisimamii.)

Kufunga mahali kwa maslaha ya wote si bidaa wala si mambo ya Wazungu. Mtume (S.A.W.) aliifanya Naqii kuwa hima, na Sayyidna Omar akaendelea na njia hiyo. Na nani asiyeijua Hadithi ya watu wa jahazi, wa chini waliotaka kutoboa tundu katika sehemu yao?

Lakini mwenye kufunga hana budi apime. Huko chini wapimaji hulaza utepe juu ya mwamba, wakaandika kilichoko chini yake, kizima na kilichokufa, na samaki wapitao. Kisha hurudi mahali pale pale mwaka wa pili, khasa wakati wa kaskazi maji yakiwa meupe. Huu ni ushahidi, na ushahidi una adabu zake. Aliyeona pono watano asiandike kumi ili kuwafurahisha wenye kutoa fedha. Na afadhali wapimaji wawe vijana wa mji wenyewe, maana mgeni huondoka na daftari lake.

Wala asiseme Muislamu wa Ruiri, huko Meru, kuwa bahari haimhusu. Mvua ya milima ya Meru hupita Kathita ikaingia Tana, na Tana huishia Kipini. Ukilima mteremko bila ya kuukinga, udongo wako ndio unaochafua maji ya jirani usiyemjua.

Limebaki jambo zito. Mwamba ukifungwa, wa kwanza kulala na njaa ni mvuvi wa dau dogo na mwanamke apitaye mwambani kutafuta pweza wakati wa maji kupwa. Kumwambia asubiri na hali sufuria lake ni tupu ni maneno matupu. Kamati za misikiti zinazokusanya zaka ziwaandike watu hawa kwa majina kabla ya siku ya kufunga, wapewe cha kula na nyavu za halali badala ya juya, na hesabu isomwe hadharani baada ya sala ya Ijumaa, pamoja na hesabu ya samaki.