Usingizi wa bata wa pembeni

Asubuhi huku kwetu, toka Likasi mpaka vijiji vya kando ya ziwa Tshangalele, tunaulizana kwanza habari za usiku: "Mulilala muzuri?" Tunajibu haraka, "Muzuri," na kila mtu anaendelea na njia yake. Lakini ulizo hilo lina uzito. Nani anaweza kulala vizuri, na ni juu ya nani?

Tuangalie wanyama. Samaki wengi hawana kope, kwa hiyo wanalala macho wazi. Kiboko analala ndani ya maji; kila baada ya dakika chache mwili wake unapanda juu apumue, kisha unashuka tena, naye hajaamka. Popo wa aina fulani wanaweza kulala karibu saa 20 kwa siku. Lakini tembo wawili wa Chobe, Botswana, ambao watafiti walitangaza habari zao mwaka 2017, walilala wastani wa saa 2 tu. Hapa kuna somo la kwanza: usingizi hauna kipimo kimoja, na kulala mingi peke yake si uvivu. Kila mnyama analala kadiri ya mwili wake, chakula chake na hatari anayoishi nayo.

Somo kubwa zaidi liko kwa bata. Mwaka 1999 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba bata anaweza kulala nusu: upande mmoja wa ubongo unapumzika, mwingine unakesha, na jicho moja linabaki wazi. Waliwaweka bata wanne kwa mstari. Wa pembeni walilala nusu mara nyingi kuliko wa katikati, na jicho lao la wazi lilitazama nje, upande ambako adui angetokea. Basi wa katikati anafunga macho yote mawili juu kuna mwenzake ambaye amefunga moja tu.

Na sisi ni vilevile. Maji ya Tshangalele, yanayozuiwa na bwawa la Mwadingusha kwenye mto Lufira, yanatoa umeme. Umeme ulileta taa viwandani, na taa zikaleta kazi ya usiku. Kuna mfanyakazi wa zamu ya usiku, muuguzi wa maternite, mama mwenye mtoto wa homa, mlinzi langoni na moto wake wa makala. Hao ndio bata wetu wa pembeni. Lakini mchana mlinzi akijinyoosha chini ya mwembe, tunapita tukisema: "Angalia huyu muvivu, analala sawa mbuzi!" Watoto wanapiga kelele karibu naye, na hakuna mkubwa wa kuwakataza.

Mtu atasema: mlinzi analipwa, deni limekwisha. Kweli, mshahara unalipa kazi yake. Lakini usingizi hauuzwi sokoni. Mwili unaudai wenyewe, na ukinyimwa mchana utauchukua usiku, pale pale langoni. Ndipo tunamfukuza kwa kusinzia. Ni haki gani hiyo, kumnyima mtu usingizi mchana, halafu kumhukumu usiku juu ya usingizi ule ule?

Bata wa pembeni hana sifa ya pekee. Ni nafasi yake tu imemweka pale. Na hapo binadamu anaweza kumpita bata, kwa kuwa sisi tunajua kupokezana. Kwenye kilio bado tunafanya hivyo: wengine wanakesha karibu na moto, wengine wanalala kidogo, halafu wanabadilishana. Hakuna anayeachiwa usiku wote peke yake.

Desturi hiyo isibaki kwenye kilio tu. Tuwafundishe watoto kunyamaza mahali ambapo mtu wa usiku analala. Na nyumba yenye mlinzi mmoja kwa usiku saba inaweza kumpumzisha usiku mmoja bila kumkata mshahara, kijana wa nyumbani akakaa langoni badala yake. Kesho yake kijana huyo atajua usiku una urefu gani, na hatamwita tena mtu muvivu kwa kumkuta amelala mchana.