Tuzo Mkononi, Deni Mlangoni

Hukumu ikisha kusomwa, wengi hudhani jambo limekwisha. Mshindi hutoka mahakamani na karatasi yenye muhuri, mshindwa hutoka kimya, na wasikilizaji hutawanyika wakisema kwamba haki imetendeka. Lakini katika madai ya fedha hukumu haijalipa hata senti moja. Imetamka tu kwamba fulani anamdai fulani, na hilo, aghalabu, wote wawili walikuwa wakilijua kabla ya hakimu. Wahenga walinena kuwa dawa ya deni kulipa. Hawakunena kuwa dawa ya deni ni kushindwa kesi. Basi mtu aliyepewa tuzo na asilipwe amepewa nini hasa? Na akiamua kuikazia hukumu yake hadi mwisho, je, anadai haki au analipiza kisasi?

Kyimo ni mahali pafaapo kulipimia swali hili. Kata hiyo ya wilaya ya Rungwe iko kandokando ya barabara itokayo Mbeya, ipitayo Tukuyu na kuteremkia Kyela. Udongo wake ni wa volkano, mvua yake haina haya, na migomba imezizunguka nyumba hata mgeni asijue shamba linaanzia wapi na ua unaishia wapi. Fedha huingia kwa mkungu wa ndizi, kwa kilo ya majani ya chai, kwa lita ya maziwa. Na mikopo nayo huwa ya kipimo hicho: ya mbolea, ya ada ya shule, ya bati za kumalizia paa. Akopeshaye na akopaye hupakana migomba. Wakifarakana, mlango wao ni Mahakama ya Mwanzo, chombo kilichowekwa kwa sheria ya 1963, mwaka uleule uliofuta utemi, kisha kikaendelezwa kwa Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya 1984. Humo kesi huendeshwa kwa Kiswahili, na mnyonge aweza kujieleza mwenyewe. Majirani wa Kenya wameunda mahakama mahsusi ya madai madogo kwa sheria ya 2016. Ilianza kazi 2021, nayo hutakiwa kumaliza shauri ndani ya siku 60. Sitini hizo ni za kuhukumu. Za kulipwa hazihesabiwi na mtu.

Mahakama haimfuati mdaiwa kwa hiari yake. Mwenye tuzo hana budi kurudi, kuomba hukumu ikaziwe, na kuonyesha mali iwezayo kukamatwa na kuuzwa. Hapo ndipo maadili yanapoingia. Mjini, dalali wa mahakama hubisha mlango wa mtu asiyemjua, na mdai naye hamjui. Kijijini mdai anajua kila kitu. Anajua ni ng'ombe yupi wa mdaiwa na yupi amewekwa tu zizini mwake na shemeji. Anajua pikipiki hulala wapi na cherehani iko chumba gani, kwa kuwa alikwishaingia chumba hicho siku ya msiba, akakaa, akala, akalia pamoja na wenye nyumba. Ujuzi uliopatikana kwa mapenzi sasa unatakiwa uandikwe katika maombi. Wako wasemao kwamba hilo ni usaliti. Kauli hiyo ina uzito, lakini imesahau kwamba usaliti wa kwanza ulikuwa wa yule aliyekopa kwa jina la ujirani, kisha akautumia ujirani uleule kama ngao.

Wanyakyusa wenyewe waliliwaza suala hili kabla ya muhuri wa hakimu. Monica Wilson, aliyefanya utafiti kwao miaka ya 1930 pamoja na mumewe Godfrey, alieleza katika kitabu chake cha 1951 jinsi watu wa rika moja walivyojenga pamoja kijiji chao, na jinsi ukwangala, yaani raha ya kukaa, kula na kuzungumza pamoja, ulivyohesabiwa kuwa miongoni mwa tunu kubwa za maisha. Aliyeivunja tunu hiyo hakuletewa dalali. Iliaminika kwamba manung'uniko ya majirani, pumzi ya watu, yangemshukia kama baridi na kumtia maradhi, hata akakiri na kupatana nao. Msomaji wa pwani hatalishangaa jambo hili, maana na huku mwambao husemwa kwamba jicho la watu si jepesi.

Ni rahisi kuitamani pumzi hiyo na kuiona bora kuliko karatasi. Haina ada wala tarehe ya kuahirishwa. Hata hivyo ina kasoro moja kubwa: haina mpaka. Humshukia fukara kama imshukiavyo laghai, na mtu aweza kukata rufaa dhidi ya hakimu, ila dhidi ya homa atakata wapi? Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai ya 1966, inayotawala mahakama za wilaya na zilizo juu yake, imeuweka mpaka huo katika kifungu cha 48. Haviguswi nguo, vyombo vya kupikia, kitanda na matandiko. Havishikwi zana za fundi wala za mkulima. Haikamatwi nyumba anamokaa mdaiwa na mkewe na watoto wanaomtegemea, wala shamba ambalo ndilo riziki yake yote. Orodha hii ikisomwa polepole ni maelezo ya binadamu: mwenye kuvaa, kupika, kulala na kulima. Tena ina busara ya mkopeshaji, kwani aliyenyang'anywa jembe atalipa kwa nini?

Dini nayo imetenganisha wawili ambao hasira huwachanganya: asiyeweza na asiyetaka. Mwenye dhiki Uislamu unaamuru asubiriwe hadi apate nafasi, na kusamehewa kunasifiwa zaidi. Mwenye uwezo anayezungusha maneno ni dhalimu. Maiti hazikwi bila kutangazwa kwamba mwenye kumdai marehemu awaendee warithi wake. Mkataba wa kimataifa wa 1966 kuhusu haki za kiraia na kisiasa, ambao Tanzania iliingia 1976, unakataza mtu kufungwa kwa sababu tu ameshindwa kutimiza mkataba. Gereza la madai lingaliko, lakini mwenye tuzo ndiye hutakiwa kugharimia posho ya mfungwa wake, na kutoka gerezani hakufuti deni. Anayelipia chakula cha mdeni wake na awe na hakika kwamba anamfunga asiyetaka.

Msemo wa "mwache, Mungu atamlipa" unastahili kuchunguzwa hapa. Mara nyingi huitwa msamaha, nao si msamaha, ni uchovu. Mjane aliyekwenda mahakamani mara sita kwa nauli ya kukopa, kisha akaacha, hajasamehe chochote, ameshindwa mara ya pili. Asamehe yule aliyeushika mkono wa sheria, akauona unaweza kufika, kisha akaurudisha mwenyewe. Ndiyo maana kukazia hukumu hakupingani na rehema: pasipo na njia ya kulipwa, hata rehema haina pa kusimama. (Serikali yenyewe, kwa sheria ya 1967, mali yake haikamatwi kwa hukumu yoyote. Mfano huo haufundishi wadaiwa wadogo ushupavu wa kulipa.)

Ipo njia ambayo wengi huidharau kwa kuwa haina kishindo: hakimu aweza kuamuru tuzo ilipwe kwa mafungu. Mdai wa Kyimo anajua fedha za majani ya chai hutoka lini na ndizi huwa na bei mwezi gani. Anaweza kuiomba mahakama ipange mafungu yafuate misimu hiyo. Ujuzi uleule ulioonekana usaliti ulipomwelekeza dalali kwenye cherehani, sasa humwelekeza hakimu kwenye kiwango ambacho jirani atakiweza. Fungu likikosekana mara ya kwanza, mdai hana budi kuvuka migomba na kuuliza kama kuna mgonjwa. Likikosekana mara ya tatu, na pikipiki imetiwa matairi mapya, atachukua karatasi yake na kushika barabara ya mahakamani.