Siku Tatu za Mgeni

Suala ninalotaka kulijadili ni dogo kwa umbo, ila limenikosesha raha kwa muda. Mtu aliyefika jana katika nchi asiyoijua, ana haki gani ya kusema nchi hiyo ikoje? Simzungumzii mwongo. Namzungumzia mtu mkweli, anayeeleza alichokiona kwa macho yake mwenyewe katika siku za mwanzo za safari.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 niliombwa kuwafasiria mume na mke waliotoka Italia kuja kupumzika Kiwengwa, pwani ya mashariki ya Unguja. Walikuwa na siku mbili tu kisiwani. Walikuwa watu wema, wenye adabu, na Kiitaliano changu cha kujifunza mwenyewe kiliwatosha. Walitaka niwaambie wanawake waliokuwa wakitoka baharini na mwani wao maneno haya: "Nyinyi hamna kitu, na juu ya hivyo mna furaha. Mmetufundisha kuishi." Nikayafasiri kama yalivyo. Mmoja wa wanawake wale, mtu wa makamo, alitua gunia lake akanambia: "Kaka, hebu waulize, wameingia nyumba gani wakaona hatuna kitu?" Sikulifasiri swali lile. Niliwaambia wageni kwamba anawashukuru.

Kwa miaka mingi nilikisimulia kisa hiki barazani kuwasuta watalii, na wenzangu wakicheka. Sasa yanipasa nisimulie sehemu ya pili, ambayo mshitakiwa wake ni mimi.

Septemba 2024, mimi na mke wangu tulifunga safari ya kwanza ya matembezi tangu tuoane. Safari isiyokuwa ya msiba, ya harusi wala ya hospitali. Tulivuka kwa boti hadi Dar es Salaam, kisha tukapanda ile treni ya umeme, ambayo ilikuwa imeanza kuchukua abiria hadi Dodoma mwezi wa Julai mwaka ule ule. Mwenyeji wetu, mwalimu mstaafu ambaye tumeandikiana barua kwa miaka mingi juu ya ushairi, alitupokea stesheni akaturudisha kwa gari upande wa mashariki hadi kwao Ihumwa, kando ya barabara kuu iendayo Morogoro. Mama yake mzee alitulaki mlangoni kwa salamu ya Kigogo: "Mbukwenyi!" Hatukujua kuitikia. Tulicheka tu.

Macho ya mtu wa kisiwani yamelelewa na minazi na mikarafuu. Pale niliona vumbi jekundu, mito ya mchanga mtupu, na mibuyu isiyo na jani hata moja. Jioni ile ile nilikaa nikatunga shairi. Humo niliiita nchi ile maiti aliyekosa wa kumzika, na shamba la mwenyeji wangu nikaliita tupu. Vina vilikaa vyema, mizani ilitimia. Baada ya chakula, ugali wa uwele kwa mlenda, nikawasomea.

Mwalimu aliyasifu maneno yangu, kwa kuwa ni mtu muungwana. Mama yake, ambaye Kiswahili hakimwingii sana, alimuuliza mwanawe kwa Kigogo nimesema nini. Shairi lilikuwa la beti saba. Mwalimu alijibu kwa maneno manne au matano. Mama akaniangalia, akatabasamu, akaniambia, "Ahsante." Nilijua papo hapo mwenyeji wangu alichokifanya, maana nami nilikwisha kukifanya Kiwengwa.

Usiku ule sikupata usingizi, na sikumwambia mke wangu sababu. Siku ya pili yeye aliamka mapema akamfuata mama uani. Walishinda pamoja na mchi na kinu, wakizungumza kwa mikono zaidi kuliko kwa ulimi. Alasiri alinijia akanambia: "Bwana, shamba uliloliita tupu ndilo tulilokula jana." Mlenda ule uliota shambani wakati wa mvua, ukachumwa, ukaanikwa, ukawekwa akiba. Uwele ulivunwa hapo hapo. Mvua ya Dodoma ni ya msimu mmoja, kiasi cha Desemba hadi Aprili, na baada yake ardhi hupumzika. Mbuyu huangusha majani ili usipoteze maji uliyoyahifadhi shinani. Na kwa njia iendayo Hombolo, ambayo huchepuka hapo Ihumwa, iko mizabibu ambayo huvunwa mara mbili kwa mwaka, ilhali huko Italia, nchi iliyosifika kwa zabibu, mavuno ni mara moja. Huyo ndiye maiti wangu.

Yawezekana msomaji akauliza: madhara yako wapi? Mshairi amekosea, mkewe amemsahihisha, basi. Lakini neno "tupu" halikai ndani ya shairi peke yake. Mtumba, jirani na Ihumwa, umejengwa mji wa Serikali uliozinduliwa 2019, na mashamba ya maeneo yale yamekuwa yakipimwa na kugeuzwa viwanja. Siupingi mji, nchi yahitaji makao yake makuu. Nasema tu kwamba anayelipiwa shamba hulipwa kwa jinsi lilivyoelezwa, na maelezo mara nyingi huandikwa na mtu wa siku ya kwanza. Nasi wa pwani twalijua hilo. Ufukwe ulioitwa mtupu ulikuwa na nyavu zilizoanikwa, madau yaliyopandishwa, na vigingi vya mwani vilivyofunikwa na maji kujaa.

Wahenga wametuachia methali mbili zinazoonekana kupingana. Moja yasema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Ya pili yasema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Tumezoea kuifahamu ya pili kuwa ni karipio kwa wavivu. Mimi sasa naiona kuwa ni kanuni ya elimu. Jicho geni lina faida, kwa kuwa huona ambacho mwenyeji amekizoea hata hakioni tena. Faida hiyo hupatikana mgeni anapokileta alichokiona kwa njia ya swali: mbona mti huu hauna majani? Akikileta kwa njia ya hukumu kabla hajashika jembe, au mchi, haponi mtu. Neno letu "kutalii" lenyewe lina udugu na "mtaala", na asili yao ni kusoma kwa makini. Msomaji hahukumu kitabu kwa ukurasa wa kwanza.

Siku ya tatu nilimwomba mwalimu amfasirie mama shairi langu lote, ubeti kwa ubeti, bila kunisitiri. Alisita, kisha akafanya. Mama alisikiliza hadi mwisho. Akauliza, "Amefika lini?" Mwanawe akamjibu, "Juzi." Mama akasema, "Basi bado hajafika," akaniletea kiti.

Shairi nimelichana. Na lile swali la Kiwengwa, ambalo wenyewe hawakulisikia, nalifasiri hapa leo, kwa kuchelewa: wameingia nyumba gani?