Je, Ngoma Yetu Inauzwa?

Je, ni kosa kucheza ngoma ya jadi kwa malipo? Ngoma za Burundi zilipigwa kwa heshima ya mwami. Mwaka 2014 UNESCO iliziingiza katika orodha ya urithi wa binadamu. Kambini Nakivale tunazipiga harusini. Siku moja tuliitwa hotelini Mbarara kuwatumbuiza watalii waliotoka hifadhi ya Ziwa Mburo. Kwangu si aibu: hata seremala huuza kazi yake. Lakini tuliambiwa turukeruke tu, tuache kughani, kwa kuwa wageni hawaelewi maneno. Mzee wetu alikataa. Tulilipwa nusu, na ada ya mdogo wangu haikutimia. Hata hivyo namuunga mkono. Malipo hayaidhalilishi ngoma. Hudhalilika siku mwenyewe asipoweza kusema hapana.