Kumtunza Asiyejiweza ni Wajibu wa Nani?

Katika miji yetu ya pwani, zikitajwa nyumba za matunzo, yaani nyumba wakaamo watu wazima wasiojiweza wakalishwa, wakaoshwa na kupewa dawa na watu waliowekwa kwa kazi hiyo, jawabu huwa moja: "Hayo ni ya Wazungu. Sisi hatutupi wazee wetu." Jawabu hili lina fakhari ndani yake, na fakhari yataka kupimwa kabla ya kuaminiwa.

Amri ya kuwatendea wema wazazi, khasa wafikapo uzeeni, i wazi katika Kitabu chetu, na hapana Muislamu aijadiliye. Tuulizalo sisi ni hili: je, mtu huwa ameitimiza amri hiyo kwa kuwa tu mzee wake yumo ndani ya kuta za nyumba yake?

Natutazame majumbani mwetu. Mzee amepooza, hawezi kugeuka kitandani ila kwa kugeuzwa, na asipogeuzwa mara kwa mara hutoka vidonda mwilini. Bibi amepotewa na kumbukumbu, na usiku hufungua mlango akatoka. Kijana aliyezaliwa na upungufu wa akili sasa ni mtu wa miaka arubaini, na mama aliyekuwa akimuogesha naye amezeeka. Ni nani abebaye kazi hizi? Mara nyingi ni binti mmoja, au mke wa mwana. Nduguze wanaume huleta fedha mwisho wa mwezi, kisha huketi barazani, na wao ndio wa kwanza kusema kuwa kumpeleka mzee kwingine ni aibu. Fakhari ni yao, na mgongo uumao ni wa mwingine. Binti huyo akishindwa, mgonjwa hufungiwa chumba cha nyuma ili wageni wasimuone. Je, huko nako si kutupwa?

Wala hatusemi kuwa ya wenzetu yote ni mema. Katika mji wa New York, Marekani, palikuwa na jengo kubwa liitwalo Willowbrook, walimowekwa watoto na watu wazima wenye upungufu wa akili. Lilijengwa kwa watu 4,000, na kufikia mwaka 1965 walikuwamo kiasi cha 6,000, wengine uchi, wengine katika uchafu wao. Jamaa walikwenda mahakamani, na katika mwaka 1975 yakafanywa mapatano ya kuwatoa watu hao na kuwapa makao mitaani, katika nyumba za kawaida za watu wachache. Jengo lenyewe lilifungwa mwaka 1987. Na katika jimbo la Oregon, huko huko Marekani, mwenye kuwatunza watu wazima nyumbani kwake kwa leseni haruhusiwi kuweka zaidi ya watano wasio jamaa zake. Maana ya uchache huo ni wazi: penye watu watano, mwenye kuwatunza aweza kumjua kila mmoja kwa jina lake, chai aipendayo na ubavu aulaliao. Penye maelfu, mtu huwa ni kitanda tu.

Lakini uchache peke yake hautoshi. Nyumba ya watu watano isiyopigwa hodi na mtu yeyote yaweza kuficha dhulma kama jengo la maelfu, na kama kile chumba chetu cha nyuma. Kimlindacho asiyejiweza ni macho ya watu wake.

Wala matunzo nje ya nyumba si jambo geni katika Uislamu. Nur al-Din alijenga hospitali Damascus mwaka 1154, na Sultani Qalawun akajenga yake Cairo mwaka 1284 na kuiwekea wakfu. Wagonjwa wa mwili na wa akili walitunzwa humo. Na Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 57, imetaja haki ya wazee kutunzwa na jamaa zao na Serikali pia.

Basi rai yetu ni hii. Awezaye kumtunza mtu wake nyumbani, na amtunze, kwa sharti kazi igawanywe baina ya wana wote, waume kwa wake. Asiyeweza, na aulizwe kwanza mwenyewe mwenye kutunzwa, kwani kukosa nguvu si kukosa rai. Kisha iwepo nyumba ya watu wachache mtaani mwetu wenyewe, asikie adhana aliyoizoea, ale chakula akijuacho, mwanamke aoshwe na mwanamke, na jamaa wapite kila siku, si siku ya Idi tu. Wenye majumba wanaotaka kuweka wakfu hawakosi mlango wa kheri hapa.

Nyumba kama hiyo haina aibu. Aibu ni kumpeleka mtu kisha kuisahau njia. Mtu aweza kuweka wakili katika kuuza na kununua, na aweza kumlipa wa kuosha na kulisha; lakini katika kumpenda mzazi wake hapana wakili.