Fungu la Betri: Faida ya Pikipiki ya Umeme Ianzie Wapi?

Mwenye pikipiki ya umeme mjini Mtwara huiona gharama yake ya kila siku pale anapoingiza tarakimu 20 za tokeni kwenye LUKU, yaani mita ya umeme wa kulipia kabla. Kwa bei ya shilingi 356 hivi kwa uniti, kodi na tozo zikiwamo, betri inayobeba uniti 3 hujaa kwa takriban shilingi 1,100, nayo pikipiki haidai oili ya injini, plagi wala kabureta. Umeme wenyewe una asili ya jirani, kwani gesi ya Mnazi Bay, iliyogunduliwa mwaka 1982, huendesha mitambo ya kufua umeme ya Mtwara. Mbele ya unafuu huo huzuka swali la kale la fikihi, yaani elimu ya sheria za Kiislamu: pesa inayobaki mfukoni jioni, je, yote ni faida?

Betri huchakaa kila inapochajiwa, ila uchakavu huo hauna risiti. Hujulikana njiani, pale safari ya Msimbati ya kwenda na kurudi, iliyokuwa ikitoshelezwa na chaji moja, inapoanza kukatikia Madimba wakati wa kurudi. Asiyeuhesabu hula mtaji wake kidogo kidogo huku akidhani anakula faida. Wanafikihi walilipima jambo hili katika mudharaba, ubia ambao mmoja hutoa mtaji na mwenzake kazi: hasara hufidiwa kwanza, rasilimali irudi kamili, ndipo faida igawanywe, na neno rasilimali, kwa asili yake ya Kiarabu, maana yake ni kichwa cha mali.

Ugumu mkubwa zaidi uko kwenye hesabu, yaani kiasi maalumu ambacho dereva wa bodaboda humpelekea mwenye pikipiki, apate asipate. Hiyo si mudharaba. Iko karibu na ijara, yaani ukodishaji, ambamo, kwa fikihi ya Kishafii inayofuatwa na Waislamu wengi wa mwambao, chombo ni amana mikononi mwa aliyekikodi, naye halipii uchakavu wa matumizi ya kawaida isipokuwa amezembea au amevuka mpaka. Kwa hiyo mwenye pikipiki anayepokea hesabu, kisha akamdai dereva betri mpya, hulipwa mara mbili kwa kitu kimoja, na huo ni udhalimu hata ukitiwa saini.

Wavuvi wa pwani hii, hadi mlango wa mto Ruvuma, hawakungoja kitabu kulijua hilo: wakigawana mapato, chombo na nyavu hutengewa fungu lao, kwa kuwa navyo vilifanya kazi usiku ule, na nyavu zikachanika. Betri nayo itengewe fungu lake kila jioni kabla faida haijatajwa, na mkataba wa bodaboda useme wazi ni nani atakayelitoa.