Maji ya Chupa, Maji ya Bomba na Jirani Yangu



Katika nyumba nyingi za mji wetu wa Morogoro swali la maji huulizwa kama swali la afya tu: Yapi ni salama zaidi, maji ya chupa au maji ya bomba? Ni swali la haki, na hatuna budi kulijibu. Lakini Mkristo aliyekwisha kulijibu kwa ajili ya nyumba yake bado hajamaliza. Liko swali la pili, nalo ni gumu zaidi: Nikiisha kupata maji yangu salama, jirani yangu atakunywa nini?

Tuanze na lile la kwanza. Maji ya mji wetu yatoka mlimani. Vijito vingine vya Uluguru huchotwa huko huko mteremkoni, na vingine huingia mto Ngerengere na kukusanyika katika bwawa la Mindu, lililojengwa katika miaka ya 1980, ambalo ndilo chanzo chetu kikubwa. Kazi ya mtambo wa kusafisha maji ni kulituliza tope, kuyachuja maji, kisha kuyatia klorini ya kuua vijidudu. Kazi hiyo ikifanyika sawasawa, maji yatokayo hapo yafaa kunywewa na mtu ye yote.

Taabu huja kabla ya mtambo na baada yake. Wakati wa masika mvua huosha udongo wa mashamba ya mteremkoni, maji yakawa mazito, na tope huvificha vijidudu hata klorini isivifikie. Tena maji yakitolewa kwa mgawo, bomba hubaki bila msukumo, na palipo na ufa maji machafu ya mtaroni huweza kuingia ndani. Hata maji yaliyofika nyumbani yakiwa safi, sisi wenyewe twayaweka katika ndoo isiyo na mfuniko, na kila mmoja huchovya kikombe pamoja na vidole vyake. Basi shauri la waganga na wauguzi wetu limebaki lile lile: yachemshe hata yatokote kabisa, au tia dawa ya klorini kwa kipimo, kisha yaweke katika chombo kilichofunikwa. Kipindupindu kilichoanza Dar es Salaam mwezi wa Agosti 2015, kikaenea mikoa mingi hata huu wetu, kilitufundisha kwamba shauri hilo si la kupuuzwa.

Na chupa je? Chupa iliyojazwa na kiwanda kilichothibitishwa na Shirika la Viwango, ambayo kizibo chake hakijafunguliwa, kwa kawaida ni salama. Kwa msafiri pale kituo cha Msamvu, au kwa nyumba yenye mgonjwa siku bomba limekauka, ni msaada wa kweli, nasi twashukuru. Lakini tusiipe chupa sifa isiyo yake. Picha ya mlima iliyobandikwa juu yake haituambii maji yametoka wapi. Viwanda vingi duniani huchukua maji ya bomba au ya kisima kilichochimbwa, vikayachuja tena na kuyauza. Mwaka 2004 kampuni ya Coca-Cola ilianza kuuza Uingereza maji yaitwayo Dasani, na ikajulikana kwamba yalichotwa katika bomba la umma huko Sidcup, pembezoni mwa London. Haukupita muda mrefu yakapatikana na bromati, kemikali iliyotokea katika kazi ile ile ya kuyatengeneza, kupita kiasi kilichoruhusiwa. Chupa zipatazo nusu milioni ziliondolewa madukani. Kwa hiyo usalama wa maji, yakiwa ya chupa au ya bomba, wategemea uaminifu wa anayeyasafisha na macho ya anayeyakagua.

Hapo ndipo swali la pili linapotungoja. Fikirini hesabu hii. Yuniti moja ya maji ya bomba ni lita 1,000. Bei ya yuniti hiyo ni sawa na bei ya chupa chache tu za dukani. Mama anayefua nguo za watu ili watoto wale hawezi kununua chupa kila siku, wala hata mwalimu mwenye watoto watano hawezi. Watabaki na bomba. Nasi tunaoweza, tukiisha kuhamia kwenye chupa, twaacha polepole kujali kama bomba ni zima au bovu. Zamani tope lilipotoka bombani, bwana mkubwa na kibarua wake walilalamika pamoja, na sauti ya bwana mkubwa ilisikiwa ofisini. Siku hizi bwana mkubwa hutuma kijana dukani. Bomba limebaki na watumiaji wengi lakini halina mtetezi.

Nabii Ezekieli, katika sura ya 34, awakemea kondoo wanono wa kundi. Tusome kwa makini kosa lao ni lipi. Hawakukemewa kwa sababu walikunywa maji safi, maana kondoo ameumbwa anywe. Walikemewa kwa sababu wakiisha kushiba waliyavuruga kwa miguu yao yale yaliyosalia, na kondoo waliokonda wakalazimika kunywa matope. Sisi hatuvurugi maji kwa miguu. Twayavuruga kwa kunyamaza, na kwa kufikiri kwamba jambo limekwisha kwa kuwa limekwisha nyumbani kwetu.

Mwingine atanijibu: “Mimi nina mtoto mchanga. Je, nimnyweshe maji ya mashaka ili nionyeshe umoja na maskini?” Hasha! Kuumwa kwa mtoto wako hakumponyi mtoto wa jirani. Mtume Paulo naye amwonya vikali mtu asiyewatunza watu wa nyumbani mwake. Mnunulie mtoto maji ukilazimika, wala usihukumiwe na dhamiri. Lakini mwavuli ni kitu kimoja na ukuta ni kitu kingine. Mwavuli hufunguliwa mvua inaponyesha, kisha hufungwa, na mwenye mwavuli aweza kumwita mwenzake wasimame pamoja. Ukuta ukiisha kujengwa hatumwoni tena aliye upande wa pili. Kila mmoja wetu ajiulize chupa yake imekuwa kipi.

Nchi yetu iliwahi kutoa ahadi kubwa katika jambo hili. Mwaka 1971 Serikali ilianza mpango wa miaka 20 ili kila mwananchi wa kijijini apate maji safi kwa umbali usiozidi mita 400 ifikapo 1991. Mwaka huo ulifika na kupita, na ahadi haikutimia. Hata hivyo, maana yake ilikuwa njema: maji ni deni tulilo nalo sisi kwa sisi. Mwaka 2010 Umoja wa Mataifa nao ulitamka kwamba maji safi ni haki ya binadamu. Deni halifutiki kwa kuwa baadhi ya wadai wamepata pa kukopa kwingine.

Tena tukumbuke kwamba jirani yetu katika maji yuko pande mbili, chini yetu na juu yetu. Aliye chini ni yule anayepokea tunachokiacha. Ngerengere ikipita mji wetu huenda kuungana na Ruvu, na maji ya Ruvu hunywewa Dar es Salaam. Chupa tupu tuzitupazo mtaroni Kihonda au Mafiga husafiri njia hiyo hiyo.

Aliye juu ni mkulima wa mlimani. Katika miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliwalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi ili kuzuia mmomonyoko. Kazi ilikuwa nzito na faida yake hawakuiona. Mwaka 1955 watu walikataa, ghasia zikatokea, na mpango ukaachwa. Nusu karne baadaye, kuanzia mwaka 2006, mashirika ya CARE na WWF yalijaribu njia nyingine huko Kibungo Juu. Wakulima walikubali kutengeneza matuta na kupanda miti, wakalipwa kwa kazi hiyo, na waliochangia malipo ni watumiaji wa maji huko chini: DAWASCO, iliyokuwa ikigawa maji Dar es Salaam wakati ule, pamoja na kampuni ya vinywaji ya Coca-Cola Kwanza. Mradi wenyewe ulikuwa mdogo, lakini fundisho lake ni kubwa. Anayekunywa ana wajibu kwa anayeitunza chemchemi. Si haki kumlaumu mkulima kwa tope huku sisi tukinywa bila kumpa hata ahsante.

Basi tufanye nini katika mtaa wetu? Napendekeza mambo manne. Kwanza, Halmashauri ya mtaa iiandikie mamlaka ya maji kwa heshima, iombe kuelezwa maji ya bomba letu hupimwa mara ngapi na yameonekanaje, na majibu yasomwe kwa watu wote. Pili, katika sherehe za Kanisa tuiache desturi ya kuwapa wageni wa meza kuu maji ya chupa huku wanakwaya na watoto wakielekezwa kwenye pipa. Kama maji ya pipa ni salama, mgeni naye anywe. Kama si salama, kwa nini apewe mtoto? Akina mama na vijana wachemshe maji ya kutosha siku moja kabla, yawekwe katika ndoo zilizofunikwa zenye bomba, na wote wanywe hayo, Askofu na mtoto wa shule ya Jumapili. Tatu, anayeona bomba limepasuka atoe habari siku ile ile, na mwenye ankara ailipe, maana mtambo hauendeshwi kwa malalamiko. Nne, vijana wetu wazoee kupanda mlima kwa kazi, wawasaidie wakulima kupanda miti penye vyanzo, kama vile wanavyopanda kwa matembezi.

Katika ubatizo, mtoto wa mkubwa na mtoto wa kibarua hutiwa maji ya birika moja, nayo yalichotwa bombani asubuhi ile. Hakuna mzazi aliyewahi kuleta chupa ya mtoto wake peke yake. Kanisa linalobatiza hivyo Jumapili lina neno la kusema juu ya maji siku sita zinazofuata. Bwana atupe ujasiri wa kulisema.